Nyumba ya Kale Chini ya Vilima vya Ngong



Kila likizo ya Agosti wazazi wa Nairobi huulizana, “Watoto tuwapeleke wapi?” Leo napenda kuwaelezeni habari za mahali palipo karibu: nyumba ya kale iliyoko Karen, magharibi ya mji, ambayo sasa ni makumbusho.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na Bwana Åke Sjögren wa Sweden. Mwaka 1917 ilinunuliwa na Bibi Karen Blixen wa Denmark pamoja na mumewe, wakalima kahawa. Lakini mahali pale pako juu mno, na baridi yake haikupatana na mibuni. Hasara ikazidi, na mwaka 1931 shamba likauzwa, naye Bibi akarudi kwao. Baada ya Uhuru, Serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo, ikaipa Kenya kuwa zawadi mwaka 1964. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986.

Mkifika huko, kwanza simameni barazani mtazame vilima vya Ngong. Kisha ingieni vyumbani pamoja na mwelezaji. Baadhi ya samani mtakazoziona zilinunuliwa na Bibi McMillan, zikawekwa katika maktaba ya McMillan katikati ya mji, kabla ya kurudishwa Karen. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Basi hata kiti kina historia yake.

Baada ya hapo tembeeni bustanini. Waacheni watoto wacheze chini ya miti, ila wasichume maua. Tena waonyesheni mitambo ya zamani ya kahawa, na hapo waulizeni: Je, kahawa hii ilichumwa na nani?

Ilichumwa na watu wetu. Wakikuyu waliokaa shambani walitakiwa na sheria ya wakati ule kumtumikia mwenye shamba siku 180 kila mwaka, ndipo waruhusiwe kulima na kufuga katika nchi ambayo wengi wao waliijua kuwa ya wazee wao. Shamba lilipouzwa iliwapasa kuhama, wala hawakuwa na haki ya kununua shamba jingine katika nyanda zile za Wazungu. Bibi Blixen mwenyewe ameandika ya kwamba aliwaombea Serikalini wasitawanywe, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti.

Habari hizo tunazipata katika kitabu cha mwenye shamba. Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wake, alisimulia habari zake pia, zikatolewa katika kitabu mwaka 1975. Lakini wachumaji, wapagazi na watunza bustani walio wengi hawakuandikwa popote. Habari zao zimo vinywani mwa watoto na wajukuu wao, ambao sasa ni wazee, na kila mwaka hupungua.

Kwa hiyo nawasihi: msiishie kupiga picha tu. Mkirudi nyumbani, mpeni mtoto daftari na kalamu, aketi na babu au nyanya yake, amwulize: Mlikaa wapi? Mlifanya kazi gani? Mlihamishwa lini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na habari za wazee wetu ni mali.