Haibridi kwenye Foleni

Msikilizaji, ukiendesha Toyota Aqua au Prius mara ya kwanza, unabonyeza kitufe cha kuwashia na husikii kitu. Wengi hubonyeza tena, wakalizima! Kumbe taa ndogo ya kijani ilishawaka. Gari liko tayari.

Haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme, na hizi za kawaida hazichomekwi popote. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Ndiyo maana kwenye foleni ya Ubungo, inayomaliza mafuta ya gari jingine, humu unasogea kimyakimya, injini imezima, kiyoyozi kinapuliza. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe. Usishtuke. Ila ukiwa safarini, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nafuu inapungua, kwa sababu breki hukanyagi mara kwa mara.

Unataka kujua gari linakula mafuta kiasi gani? Mimi siiamini sana dashibodi. Jaza tanki mpaka pampu ikate, andika kilomita, tembelea wiki nzima, kisha jaza tena vilevile. Ukitembea kilomita 460 na zikaingia lita 23, hizo ni kilomita 20 kwa lita.

Sasa geuka nyuma. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu: hapo ndipo betri inavuta hewa ya kuipoza. Watu wanaliegemezea mikoba, na vumbi letu mnalijua. Betri ikipata joto kila siku inachoka mapema, na bei yake inauma. Mwambie fundi alisafishe kila unapobadilisha oili.