Nani anafuta? Niliyowaambia vijana wa Tulia

Uzi huu ni maneno niliyosema Jumamosi hapa Tulia, Kitui. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Ndugu zangu, nianze na aibu yangu. Mimi ni admini wa grupu yetu ya Facebook. Mwezi uliopita dada mmoja aliuliza pesa za kisima zilienda wapi. Jioni nikapigiwa simu na mkubwa fulani: "Futa hiyo, ni uchochezi." Nikafuta. Hakuna barua, hakuna kifungu cha sheria, ni sauti tu kwa simu.

Sasa kwenye midahalo ya siasa kuna wanaosema uhuru wa kusema hauna mipaka. Si kweli. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 hailindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na sisi tulioona 2007 na 2008 tunajua sababu. Julai 2022 tume ya uwiano, NCIC, iliipa Facebook siku 7 ishughulikie chuki la sivyo ifungwe. Mawaziri wakasema haitafungwa. Dola moja, sauti mbili! (Na Kikamba chetu nani anakisoma huko? Utani na tusi, mashine itatofautisha?)

Wengine watakwambia sheria ipo, asiye na hatia asiogope. Hao wakumbushe kesi ya Geoffrey Andare. Alishtakiwa kwa posti ya Facebook chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano. Aprili 2016 Mahakama Kuu ikakitupa kifungu chenyewe: maneno yake mapana mno, mtu hawezi kujua amekosea wapi. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya makosa ya mtandao, na habari za uongo zikawekewa faini ya hadi shilingi milioni 5. Oktoba 2025 sheria hiyo ikarekebishwa, na mwezi huohuo mahakama ikasimamisha baadhi ya vifungu vipya kwa muda.

Kwa hivyo mgombea akija hapa, usimuulize kama anapenda uhuru. Wote wanapenda. Muulize: amri ya kufuta itatoka kwa nani, itaandikwa, na nikikataa nitasikizwa wapi?

Yule dada nilimpigia, nikamwomba msamaha, nikamwambia aandike tena. Akanijibu, "Andika wewe."