Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi: Programu Moja, Kompyuta Nyingi





Mtu wa visiwani akimwambia mwenziwe wakutane saa mbili asubuhi, wote wawili hufika kwa wakati. Mgeni aliyezoea kuanza hesabu ya saa usiku wa manane akiandikiwa ahadi hiyo hiyo huisoma kuwa ni saa nane ya usiku, wakati ambao mwenyeji amelala. Hapo hakuna aliyesema uongo, wala saa ya ukutani haikuharibika. Kila mmoja alikuwa na desturi yake ya kuhesabu, akaichukulia kuwa inajulikana na watu wote, na kwa hivyo hakuona haja ya kuitaja.

Mazungumzo haya yanahusu taabu ya namna hiyo hiyo ndani ya kompyuta, na dhara inayoweza kumfika mwananchi pale programu inapofanya kazi vizuri katika mashine moja na vibaya katika nyengine.

Programu ni mkusanyiko wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya moja. Kila kompyuta ina prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu, na kila aina ya prosesa ina maagizo yake inayoyafahamu. Pamoja na prosesa huwekwa mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows, macOS, Linux au Android, ambao kazi yake ni kugawa kumbukumbu, kutunza mafaili na kusimamia programu zote. Mwandishi wa programu huijaribu katika mashine iliyopo mezani kwake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na programu nayo husifiwa ikiwa kwao. Mtihani wake ni siku inayopelekwa ugenini.

Taabu hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1950, ofisi iliyonunua kompyuta ya aina mpya mara nyingi ililazimika kuandika upya programu zake. Mwaka 1959 wawakilishi wa Serikali ya Marekani, watengenezaji wa kompyuta na watumiaji wake walikutana Pentagon, wakaanzisha kazi ya kutunga lugha moja ya shughuli za ofisi, nayo ikaitwa COBOL. Mwezi wa Disemba 1960 programu ya COBOL iliyo karibu sawa sawa iliendeshwa katika kompyuta mbili za makampuni tofauti, moja ya RCA na nyengine ya Remington Rand UNIVAC. Siri yake ilikuwa kwamba mwandishi aliandika kwa lugha moja, na kila mashine ikawa na programu yake ya kufasiri lugha hiyo katika maagizo inayoyafahamu.

Njia hiyo ilifuatwa na wengine. Mwaka 1973 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs waliuandika upya mfumo wa Unix kwa lugha ya C, na kabla ya kumalizika miaka ya 1970 mfumo huo ulikuwa umehamishiwa katika mashine za aina nyengine kabisa. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ilitangaza lugha ya Java, ambayo programu zake huandikiwa mashine ya kufikirika, kisha kila kompyuta ikawekewa programu ya kuiigiza mashine hiyo.

Wanaofanya kazi bandarini Malindi wanalijua vizuri kontena. Kreni inayolinyanyua haina haja ya kujua kama ndani yake mna mchele au saruji, kwa sababu vipimo vya nje ni vile vile. Tangu mwaka 2013 chombo kiitwacho Docker kimeeneza mtindo kama huo: programu hufungwa pamoja na vitu inavyovitegemea, ikasafirishwa ikiwa kifurushi kimoja. Hata hivyo, kontena lililotengenezwa kwa prosesa ya aina moja haliendi hivi hivi tu katika prosesa ya aina nyengine. Wala kontena halisahihishi kosa lililofungwa ndani yake.

Pamoja na juhudi zote hizo, desturi ndogo ndogo za mashine zimebaki, na hizo ndizo zinazowagusa watumishi wa ofisi kila siku.

Kwanza ni majina ya mafaili. Windows kwa kawaida huyahesabu majina «Malipo» na «malipo» kuwa ni jina moja. Linux huyahesabu kuwa ni mawili. Programu iliyozoea Windows ikihamishiwa katika Linux huweza kusimama kwa kudai kwamba faili halipo, na faili lenyewe liko pale pale.

Pili ni herufi. Jina la Ng'ambo huandikwa kwa ritifaa. Programu nyingi za kuandikia barua huigeuza ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda bila ya kumuuliza mwandishi. Kwa jicho la msomaji tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa kompyuta hizo ni alama mbili mbali mbali, kila moja na namba yake. Karani anayetafuta kwa ritifaa iliyonyooka huweza kujibiwa kwamba hakuna mkaazi hata mmoja wa Ng'ambo. Aidha, faili lililohifadhiwa kwa utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, likisomwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows, ritifaa hiyo iliyopinda hugeuka alama tatu, na jina likasomeka «Ngâ€™ambo».

Tatu ni tarehe, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Uingereza, na ni tarehe 4 Machi katika iliyopangwa kwa desturi ya Marekani. Zaidi ya hayo, programu ya Excel huzihifadhi tarehe kama hesabu ya siku. Katika Windows hesabu hiyo ilianzia mwaka 1900, na katika kompyuta za Macintosh za mwanzo ilianzia mwaka 1904. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Macintosh za sasa nazo huanzia 1900, lakini mafaili ya zamani yamebaki na hesabu yake.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyezaliwa tarehe 15 Machi 1968. Tarehe yake ikinakiliwa kutoka faili la hesabu ya 1904 kwenda faili la hesabu ya 1900, itasomeka 14 Machi 1964. Kompyuta haitatoa onyo lolote. Orodha itachapishwa safi, itatiwa saini, na mtu huyo ataandikiwa barua ya kustaafu miaka minne kabla ya wakati wake.

Asidhani mtu kwamba makosa kama haya huwapata wasiokuwa na utaalamu peke yao. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila ya ila. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na namba moja ikazidi nafasi iliyowekewa, ambayo mwisho wake ni 32,767. Muda wa kiasi cha sekunde 40 tu, roketi ilipotea njia na kuvunjika. Programu haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali.

Liko pia jambo lililo mbele yetu. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Pale ambapo hesabu hiyo imewekewa nafasi ya biti 32, nafasi itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na sekunde inayofuata mashine itajiona imo katika mwaka 1901. Mashine zenye hesabu ya biti 64 hazina tatizo hilo. Hivyo programu ile ile huweza kuwa sahihi katika kompyuta mpya na kukosea katika ya zamani. Wala hakuna haja ya kungojea mwaka huo: kijana anayeajiriwa leo atakuwa bado yumo kazini ifikapo 2038, na mwenye kupiga hesabu ya kiinua mgongo chake leo tayari anaivuka tarehe hiyo.

Kwa ajili hiyo, ofisi zinashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Tarehe ziandikwe kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-04-03. Huo ndio utaratibu wa kimataifa tangu mwaka 1988.

(b) Mafaili ya maandishi yahifadhiwe kwa UTF-8, na majina ya mafaili yawe ya herufi ndogo.

(c) Mwenye kutengeneza programu akabidhi pia maandishi yanayotaja kila inachokitegemea: mfumo wa uendeshaji, toleo la lugha, na mpangilio wa tarehe na saa.

(d) Kabla ya kupokewa, programu ijaribiwe katika mashine za aina zote zitakazoitumia, ikiwemo iliyo kongwe kuliko zote, kwa kumbukumbu ambazo majibu yake yanajulikana.

(e) Kumbukumbu zikihamishwa, baadhi yake zilinganishwe na majalada ya karatasi kabla ya mfumo wa zamani kuzimwa.

Na mwananchi atakayeona kwamba tarehe au jina lake halilingani na cheti alichonacho mkononi aende ofisini na cheti hicho. Afisa atakayempokea asimjibu kwamba hivyo ndivyo kompyuta ilivyosema. Kompyuta husema kwa desturi ya pale ilipo, na cheti ndicho kilichoandikwa siku ya jambo lenyewe. Haki ya mtu isitegemee mashine ipi imefungua jalada lake.