Mwanafunzi na Timu Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu Mbebe, katika Wilaya ya Ileje, hulinung'unikia jikoni lakini hawalisemi barazani. Nalo ni kijana aliye shuleni ambaye moyo wake umekwenda kwa timu ya mpira. Wako wasemao kwamba mpira ni adui wa kitabu, na dawa yake ni kumfungia kijana nyumbani. Wako pia wasemao kwamba ni mchezo tu, mwacheni mtoto. Sisi twaona hawa na wale wamelishika jambo kwa mkia. Mapenzi hayo hayang'oki kwa fimbo, lakini hula saa, na saa zaweza kuhesabiwa.

Kwanza tuseme yalifikaje huku milimani. Timu ya Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwenziwe mwaka 1936. Huyu wa pili alipita katika majina kadha, likiwamo la Sunderland, mpaka akaitwa Simba mwaka 1971. Zote mbili ni za Dar es Salaam, mji ulio mbali nasi zaidi ya kilomita 800, na wazee wetu wengi hawakupata kuuona. Lakini tangu mwaka 1951, redio ilipoanza kusema kutoka mji huo, majina ya wachezaji yalianza kusafiri yenyewe, yakipanda milima pasipo kulipa nauli. Kwa karibu tulikuwa na timu zetu, wala si za kubezwa. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1986. Prisons wa Mbeya nao walikuwako. Mbeya City, katika msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, walishika nafasi ya tatu. Hata hivyo, mwulize mtoto yeyote njiani, atakujibu Yanga au Simba, na pengine atakushangaa kwa kuuliza.

Sasa twaja kwa kijana mmoja wa jirani, ambaye mwaka 1922 ungalikuwa wa babu zake, bali wake ulikuwa 2022, naye yu kidato cha nne. Huyu ni wa Yanga. Alikuwa na daftari lenye jalada la buluu ambalo si la somo lo lote. Humo aliandika tarehe, mahali, mabao, na nani aliyefunga. Na kila Jumapili jioni alipiga mstari na kuujumlisha msimamo wa ligi upya kwa mkono wake, ingawa angeweza kuupata tayari katika simu ya mtu. Tulilitazama daftari lile, tukaona hesabu zake ni safi kuliko zile za daftari la hisabati. Baba yake aliliona pia, naye hakufurahi hata kidogo.

"Wewe wajua Yanga wamefunga mabao mangapi tangu Agosti," alimwambia, "lakini karatasi ya fizikia umeleta alama kumi na tisa."

Kijana hakuwa na la kujibu. Ndipo mwalimu wake alipoitwa, nasi majirani tukaitwa pamoja naye, tukaketi kupiga hesabu. Ligi Kuu ya msimu ule ilikuwa na timu 16, hivyo kila timu ina michezo 30. Mchezo mmoja, pamoja na mapumziko, huchukua karibu saa mbili. Ongeza kwenda kwenye banda la televisheni na kurudi, hupati chini ya saa tatu. Michezo 30 ni saa 90. Tena Yanga walikuwa wakicheza mashindano ya Afrika, na msimu ulipokwisha ilionekana walikuwa wamecheza huko michezo 18. Jumla ni michezo 48, yaani saa 144. Kwa mtu asomaye saa nane kwa siku, hizo ni siku 18 kamili. Wala hatujatia mashindano ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, wala michezo ya Simba ambayo mtu wa Yanga huenda kuitazama kwa kuombea wafungwe. Na yaliyo makubwa kuliko yote hayamo katika hesabu: ni mabishano. Mchezo una dakika 90, lakini ubishi wake waweza kwenda mpaka Alhamisi.

Kijana alipoziona namba zile kwa mwandiko wake mwenyewe, maana mwalimu alimpa yeye kalamu, alinyamaza kwa kitambo. Kisha mapatano yakafanywa. Mpaka mwisho wa Oktoba atakwenda bandani kwa michezo ya timu yake tu, akirudi moja kwa moja. Kuanzia Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa, hatakwenda, hatasikiliza, wala hatauliza. Mama yake ndiye atakayeyaandika matokeo katika vipande vya karatasi na kuvitia katika kopo tupu la majani ya chai, lililo juu ya kabati; nalo halitafunguliwa mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani. Mama huyu hakuwa mtu wa mpira. Lakini aliyashika mapatano yale kama mtunza fedha wa chama.

Basi, wasikilizaji, wale mfuatao kandanda mwakumbuka lililotokea tarehe 29 Novemba 2022. Yanga walikuwa hawajafungwa katika ligi tangu Aprili 2021, michezo 49. Siku hiyo walikwenda Mbarali, upande huu huu wa nchi yetu, kucheza na Ihefu, timu iliyokuwa chini kabisa katika mashaka ya ligi na ambayo baadaye ilihamia Singida. Ihefu wakawafunga mabao 2 kwa 1. Habari ile ilifika Mbebe kabla jua halijatua. Watu wa Simba walitoka nje wakiimba. Ndivyo ilivyo desturi ya watani wa jadi, na hakuna aonaye ubaya.

Lakini kijana yule alikuwa bado ana mtihani. Twataka mfahamu maana yake kwa nyumba ile. Ada, sare na madaftari ya miaka minne vilitoka katika maharage na mahindi ya shamba moja, na nyuma yake walikuwako wadogo watatu wakingoja zamu. Jirani yao wa karibu ni mzee wa Simba, mtu mwenye ulimi, ambaye kwa miaka mingi hajaacha kuwachokoza watu wa Yanga hata msibani. Jioni ile alipita mbele ya ua wao, akamkuta kijana amekaa na kitabu chini ya taa.

"Shikamoo, babu," kijana alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Soma." Naye akapita.

Alikwenda akawazuia na vijana wenye vuvuzela wasikaribie upande ule. Twamjua mzee huyu, na twajua ilimgharimu nini.

Siku ya mwisho ya mtihani kopo lilifunguliwa. Kijana alivitoa vipande kimoja kimoja, akavinakili katika daftari lake kwa tarehe, mpaka akakifikia kile cha Ihefu. Alikisoma mara mbili, akamtazama mama yake, akadhani amekosea kuandika. Mama akasema, "Mwulize babu yako wa jirani." Mzee alikuwa tayari yuko mlangoni, na uchokozi wa siku tatu ukamwagwa wote kwa mara moja.

Yaliyofuata katika msimu ule yalikuwa malipo mema kwa mtu aliyengoja. Yanga, waliokuwa wametolewa na Al Hilal wa Sudani katika Ligi ya Mabingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho la Afrika, walikuwa wamekwisha kuwashinda Club Africain huko Tunis. Wakaongoza kundi lenye TP Mazembe wa Lubumbashi, Monastir wa Tunisia na Real Bamako wa Mali. Wakawatoa Rivers United wa Nigeria, kisha Marumo Gallants wa Afrika Kusini. Kijana, akiwa nyumbani sasa akilima na kungoja matokeo, alichora ramani ya Afrika katika kurasa mbili za daftari na kuiunganisha miji ile kwa mistari. Wadogo zake walijifunza hapo Bamako iko wapi. Mwalimu wa jiografia aliiazima ramani hiyo, nasi twasikia alichelewa kuirudisha.

Tarehe 28 Mei 2023, katika fainali ya kwanza Dar es Salaam, USM Alger wa Algeria walishinda 2 kwa 1. Tarehe 3 Juni, huko Algiers, Yanga walishinda 1 kwa 0. Bandani watu walishangilia wakidhani wamelingana, mabao 2 kwa 2, na kwamba zitapigwa penalti. Kijana ndiye aliyewaeleza wazee kanuni ya bao la ugenini: Waalgeria walifunga mawili nje ya kwao, Yanga wamefunga moja tu nje ya kwao, basi kombe limekwenda. Wazee hawakupenda kanuni ile. Walimtaka airudie, kana kwamba akiirudia itabadilika.

Naye alikuwa amefaulu. Si kwa daraja la kwanza, bali kwa la pili, na fizikia ilipanda kuliko tulivyotumaini. Alichaguliwa kwenda kidato cha tano katika mkoa mwingine, shule ya bweni isiyoruhusu simu. Daftari la buluu hakulichukua. Alimwachia mdogo wake wa kike, aliyekuwa darasa la sita, kwa sharti kwamba aliendeleze bila kuruka mchezo hata mmoja, na kopo la chai likarudi juu ya kabati kwa ajili ya zamu yake.

Sharti lile lilikuwa na taabu moja, kwa kuwa msichana huyu, kwa kazi ya mzee wa jirani, ni wa Simba. Twalifungua daftari siku moja tukatazama. Kila mchezo umo. Hata ule wa tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipowafunga Simba mabao 5 kwa 1, umeandikwa pale pahali pake. Ila huo ameuandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana.