Pikapu yenye tabo na isiyo na tabo: mfugaji achague ipi?



Leo hatuzungumzi chanjo, tunazungumza gari. Mtu anauza madume kumi ili anunue pikapu iliyotumika, halafu anachagua kwa kuangalia rangi. Uliza kwanza: ina tabo au haina?

Injini hula mafuta na hewa. Isiyo na tabo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Tabo ni feni ndogo ndani ya chuma kilichojikunja kama konokono. Huzungushwa na moshi wa injini, nayo huisindilia injini hewa. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huungua na nguvu huongezeka. Hilux za zamani zenye injini ya 5L na za baadaye zenye 1KD zote ni lita 3, lakini 1KD, hasa kwa sababu ya tabo, huvuta zaidi ya mara moja na nusu.

Tofauti utaiona mlimani. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kama sehemu moja ya tano, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho. Yenye tabo hupungukiwa kidogo. Sasa pakia mbuzi 25 wa kilo 30. Ni kilo 750, na wewe na vijana wako bado hamjapanda. Rejeta inachemka, mnasimama juani, upepo unakoma. Mbuzi wanalaliana, na wa chini ndiye hufa kwanza.

Lakini tabo haitaki uzembe. Feni ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikilindwa na utando mwembamba wa oili tu. Oili ikichakaa, inakufa. Mmetoka kupanda mlima na mzigo, mmefika kizuizini kuonyesha kibali cha kusafirisha mifugo, dereva anazima gari papo hapo: oili inasimama wakati tabo bado ni ya moto, inaungulia humo ndani. Aache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili, ndipo azime. Na chujio la hewa, kwa vumbi letu hili, likaguliwe mara kwa mara. Likitoboka, mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye feni.

Kama njia zako ni tambarare, fundi yuko mbali na dizeli unanunua kwenye madumu, mimi ningechukua isiyo na tabo. Pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, huvumilia mengi. Inakula mafuta, hilo tusifichane. Pikapu mpya zenye tabo mara nyingi huwa na nozeli laini zinazoharibiwa haraka na dizeli chafu.

Ukiamua kununua yenye tabo, nenda na fundi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, afungue mpira wa hewa mdomoni mwa tabo, ashike ule mhimili wa feni. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ukiingia na kutoka, au feni ikiwa imekwaruza ukuta wake, rudi nyumbani na hela zako.