Hospitali Iko Karibu, Njia Ndiyo Ndefu

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu, Mombasa



Tumezoea kudhani kwamba anayekosa tiba ni mtu wa mashambani, aliye mbali na daktari. Hapa mjini sivyo. Mkazi wa Likoni avukaye kwa miguu hatozwi nauli ya feri, na Hospitali Kuu ya Pwani iko ng'ambo tu. Kinachomzuia ni siku nzima ya foleni, ambayo kwa kibarua ni siku isiyo na ujira, na jioni watoto wanataka chakula. Basi huahirisha. Shinikizo la damu halipigi hodi, na kisukari huanza polepole. Siku ya kiharusi, au ya kidonda cha mguu kisichopona, ndipo jamaa huuza walicho nacho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kizuizi cha pili ni malipo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Lakini akilazwa hospitalini, sharti awe ametoa mchango wake. Asiye na mshahara hutakiwa mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 3,600. Ukiugawa kwa mwezi ni shilingi 300. Ukiutoa kwa mkupuo ni mlima kwa mtu alaye alichokipata leo.

Kizuizi cha tatu kimo mikononi mwetu, wala tusione haya kukitaja. Wengi wetu tumeajiri yaya, mpishi, mlinzi, au mchukuzi wa dukani. Sheria humtaka mwajiri akate asilimia 2.75 ya mshahara na kuiwasilisha. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, hiyo ni shilingi 550. Mfanyakazi ambaye mchango wake haukuwasilishwa hulijua hilo mlangoni mwa wodi. Seva yetu ya hekaluni itakuwa na pengo ikiwa anayetupikia nyumbani hana bima.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila nyumba na kila duka likamilishe usajili wa wafanyakazi wake kabla ya mwezi kwisha. Pili, baada ya ibada ya Jumapili iwekwe meza langoni, vijana wawasaidie majirani kujisajili, na wauguzi tulio nao wapime shinikizo la damu na sukari. Tatu, litengwe fungu la kuwakopesha majirani mchango wa mwaka, nao warejeshe kidogo kidogo.

Tunapogawa prasad hatumwulizi apokeaye ni wa dini gani. Na meza hiyo iwe vivyo hivyo.