Mapadre na Mibuni ya St. Austin's

Apitaye leo mtaani Lavington, magharibi ya Nairobi, huona majumba na maduka. Zamani upande ule ulikuwa na mibuni. Mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha huko misioni ya St. Austin's.

Padre wa siku zile aliamka kabla ya mapambazuko akasoma Misa. Kisha alifundisha katekisimu, akazuru wagonjwa, akakagua shamba, kwa maana mauzo ya kahawa yalisaidia kuendesha misioni. Mbegu zikaenea katika mashamba ya walowezi, na aina ile ya kahawa hata leo huitwa French Mission.

Lakini Waafrika walioichuma walizuiwa miaka mingi kuipanda kwao. Ruhusa ilianza kidogo kidogo katika miaka ya 1930, ikapanuka baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Basi mkulima apogoaye mibuni yake leo na akumbuke: ujuzi ulikuwapo mikononi mwa wazee wake muda mrefu kabla ya ruhusa.